Ramani Kwenye Bitana

Wasemao macho hayana pazia
hawajayaazima yangu asubuhi moja.
La kulia lina tundu katikati,
la kushoto lina ukungu wa chai ya maziwa.
Uso wa mtu siuoni, masikio yake nayaona.
Njiwa juu ya paa namwona,
ngazi mbele ya mguu siioni.

Miaka thelathini na mmoja, kiwandani, hapa hapa Łódź,
nilikaa chini ya taa nyeupe
jora la kitambaa likinipita bila kikomo,
na kazi yangu, mimi Bogumiła Wrzosek,
ilikuwa neno moja: Simama.
Hapa uzi umekatika.
Hapa mshindio umeruka mtande.
Msimamizi aliniita Jicho.
Sikujua kuwa ni mkopo.

Sasa stesheni ya zamani wameibomoa,
ile niliyoijua kwa pua: makaa, mkojo, kabichi ya kantini.
Wamechimba mpya chini ya ardhi,
kioo juu, kioo kando, kioo ndani ya kioo.
Inapendeza, wananiambia.
Kwangu mimi ni kutembea ndani ya balbu.
Mlango ni upi, na mwanga wa mlango ni upi?
Niliiomba nguzo radhi, nikapita.
Nikaiomba nguzo ya pili radhi,
ikanijibu, "Si neno, mama."

Lakini sakafu!
Sakafu wameifuma.
Mistari iliyoinuka, minne minne,
inapenya soli (nilivaa viatu vilivyokwisha, makusudi)
na kusema: nenda.
Kisha vifundo vya duara: ngoja,
hapa njia zinaachana,
au hapa sakafu inakwisha na treni inaanza.
Nikaufuata uzi, fimbo ikikwaruza,
hatua kama arobaini nikasahau kuogopa,
mpaka uzi ukazama chini ya meza ya muuza maua.
"Umeweka meza juu ya mstari."
"Mstari gani?"
Sauti ya zamani ikanitoka yenyewe:
Simama. Hapa uzi umekatika.
Akaisogeza akinung'unika, shubiri mbili.
Zilinitosha.

Nje, Novemba, saa tisa,
jua limeinama hadi usawa wa macho na linadunga.
Njia ya miguu ina mawe ya babu zetu, kila moja na kiburi chake.
Skuta zimelala popote kama walevi wa Jumamosi.
Viti vya mkahawa jana vilikuwa kule.
Nikasimama ukingoni, nikisubiri jua lijifiche nyuma ya benki,
kijana akanikamata kiwiko, bila salamu,
akanivusha barabara na reli za tramu.
Alikuwa mwema. Alinukia sabuni.
Ila sikuwa navuka.
"Haya, bibi, umefika!"
Nimefika wapi?
Nikamshukuru, ningefanyaje,
wema unaokimbia hivyo hausahihishwi.
Ng'ambo ile nikakutana na harufu:
donati za jemu ya waridi, moto.
Nikanunua mbili.
Moja nikaila papo hapo, nimepotea, sukari kifuani.

Usiku nikaligeuza koti ndani nje.
Kazik wa ghorofa ya tatu alinitungia sindano,
kumi kwa mpigo, kwa malipo ya donati iliyobaki.
Nikashona kwenye bitana, ndani ya mfuko wa kulia,
uzi mnene, mshono mrefu: ukumbi.
Mafundo matatu: ngazi za umeme.
Msalaba: kivuko chenye mlio.
Meza ya maua, uzi uliolegea, maana simwamini yule.
Duka la donati nimeliwekea kifungo kizima.

Alhamisi nitarudi,
mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine mfukoni.
Watadhani nahesabu sarafu.
Wewe kijana wa sabuni, ukinikuta ukingoni,
nisalimie kwanza. Huenda nasoma.

Kona ya benki bado haijakaa sawa.
Nimeifumua mara mbili.