Dole

Karani wa mahakama ya Wete
kalisoma jina langu mara mbili,
ya pili kwa kusita, kana kwamba nalo nimeliiba.

Shitaka: kujifanya mtu mwingine.
Mtu mwenyewe ni Chumu, dada yangu.
Tulimzika Mfunguo Mosi.

Kitambulisho chake kilikuwa kwenye kopo la biskuti.
Nilikwenda nacho kituoni kuuza karafuu,
pishi kumi na nne alizozianika mwenyewe,
makonyo yake bado yananukia uani.
Nikaweka dole. Mashine ikakataa.
Dole langu halikufunzwa uongo.

Wakili Raya, wa msaada wa kisheria,
hakuniuliza kama nimekosa.
Aliuliza, "Hizo karafuu zina warithi wangapi?"
Nikahesabu: mayatima watatu. Na mimi.
Akaandika. Akasema nisimjibu askari yeyote bila yeye,
kwamba sheria hailioni kopo la biskuti
mpaka ionyeshwe.

"Haya, tia saini. Jina lako."

Lako.

Nililiandika herufi moja moja,
ulimi nje,
kama siku ya kwanza chuoni.