Dakika Mbili

Kilomita mia mbili na arobaini,
theluji ikitambaa barabarani kama unga uliomwagika,
nimekuja Regina kutumia dakika zangu mbili.
Mezani pa kamati kuna taa ndogo:
kijani, njano, nyekundu,
kana kwamba hoja ni lori.

Mimi si msemaji. Nalima dengu, natengeneza trekta.
Darlene Pelechaty, nasema.
Karani aandika, afuta, aandika.

Mwanangu Emmett, darasa la tisa, alinyoosha mkono:
"Kama ardhi hii ilikuwa na wenyewe,
sisi tulikaribishwa na nani?"
Bi Lavallee, ambaye juzi tu alisimamisha hesabu
wajadili kama kunguru hucheka,
akautazama waraka mpya wa jimbo,
akakitazama kiti cha Joely Kakakaway,
akasema, "Fungueni ukurasa wa sitini."
Wakafungua.
Ukurasa wa sitini ni wa pembetatu.

Basi nikalisoma swali lake, neno kwa neno,
kisha nikanyamaza.
Ilibaki dakika moja na nusu. Nikawaachia wao.
Mmoja akakohoa. Mwingine akamimina maji,
akasahau kuyanywa.
"Mama, una la kuongeza?"
"Nangoja," nikasema.
Taa ikawa nyekundu.

Usiku, jikoni, Emmett, soksi mguu mmoja:
"Wamesemaje?"
Wameliandika, nikamwambia.
Jina langu wamelikosea,
ila swali lako limo lote,
hadi alama yake ya kuuliza.