Majeruhi wa Mazoezi

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, aliyeumia ni mimi.
Muuguzi Eduvina Nahuelquín hunibana karatasi kifuani kwa pini:
*Mwanamke, miaka hamsini na tatu. Paja limevunjika.*
Kisha hunilaza kwenye kokoto za ufuo,
Februari juani, Julai kwenye mvua inayouma kama sindano.
"Ufe polepole," huniambia. "Usiwaharakishe."

Walinichagua kwa uzito, sifichi.
Atakayenibeba mimi
hatashindwa na mtu yeyote kijijini.

Machela yetu ni mlango wa banda la kondoo
alioukata marehemu mume wangu,
na kamba za nyavu kuukuu.
Mkoa uliahidi machela ya alumini.
Ahadi haina mishikio.

Ngazi ni mia mbili na kumi na nne hadi makaburini.
Hakuna mahali pa juu kuliko hapo:
wafu wetu waliwahi nafasi za usalama.

Nikiwa chali niliwajua watu upya.
Ismenia mwalimu huhesabu kwa pumzi, si kwa mdomo.
Pacha wa Mansilla hucheka, na mlango hucheka nao.
Onofre mwoka mikate, mikono inanuka hamira,
kila ngazi kumi: "Hatujafika tu?"
Yeye ndiye aliyesema bahari haijui kusoma,
orodha zetu tuzifungie samaki.

Lakini orodha ilikuwepo, ndani ya kopo la biskuti:
nani anachoma insulini,
nani huvua kifaa cha sikio akilala,
nani ana mimba na bado hajamwambia mama yake
(hilo Eduvina aliliandika kwa alama ya nyota).

Usiku wenyewe haukumbandika mtu karatasi.
Ardhi ilitikisika muda mrefu kiasi kwamba
nilimaliza kuogopa, nikaanza upya.
Umeme ukakatika, king'ora kikanyamaza nao.
Na mwili wangu, kwa mazoea, ukatafuta pa kulala.

Ndipo nikasikia duka la mikate likiguna.
Onofre chini ya rafu, unga mpaka kwenye kope,
na paja, lile lile paja langu la karatasi,
safari hii limevunjika kweli.

Nikashika pembe ya mbele, kulia.
Sijawahi kubeba. Ila nilijua jambo
wasilolijua wabebaji:
alalaye chali haoni aendako,
anaona giza tu likisogea.
Sikumwambia avumilie. Nilimwambia njia:
"Sasa ni kwa Ismenia. Sasa lango la kanisa.
Sasa ngazi, kichwa chako kitainuka."
"Hatujafika tu?"
"Bado mia na tisini, Onofre. Pumua."

Nyuma yetu maji yalikuja bila kishindo,
kama mtu anayeburuta samani usiku
asitake kuwaamsha wenye nyumba.
Yakaishia ngazi ya sitini na mbili.

Juu, Ismenia akasoma majina kwa tochi.
Mia moja na kumi na sita wakaitika.
"Rosaura Huenchumán."
Kimya.
Miaka sita sikuwahi kuitikia jina langu,
daima kuna aliyenijibia: *yuko kwenye machela.*
Nilisimama pale nikisubiri wanijibie.
Sauti ikatoka chini, kwenye mlango wa kondoo:
"Yupo. Mnadhani nimepandaje?"

Magazeti yalipiga picha ya mashua juu ya paa la shule.
Hayakupiga picha ya ndoo yenye mfuniko,
matone ya klorini yakihesabiwa na mtoto wa miaka tisa,
choo kilichochimbwa chini ya kisima, si juu yake,
siku kumi na moja, watu mia na kumi na saba.
"Hakuna aliyeharisha," Eduvina alimwambia mwandishi.
Yule akatabasamu, akafunga daftari.

"Lifungue," akasema Eduvina.
"Andika na hilo."