Bati la Kahawa

Kabla ya chupa, bati.
Ndiyo sheria ya nyumba hii, Jarkko,
na kwa kuwa wewe ni mgeni
nitakwambia mara moja, kwa upole.

Bati ni jekundu, la kahawa, lina kutu mdomoni.
Kahawa yake ilitoka humu kabla hujazaliwa.
Siku hizi wawindaji wa kijiji
hutia makomeo ya bunduki zao,
kile chuma cha nyuma ambacho kikitoka
bunduki hugeuka bomba na ubao,
fimbo ya kukongojea.
Voitto ametia lake. Pentti ametia.
Antero ametia, naye hanywi hata bia:
anasema hataki kuwa mtu pekee chumbani mwenye meno.

Najua umechoka. Tangu alfajiri umekaa kinamasini,
theluji ya kwanza ikikuingia kolani,
ukimngoja elki, yule kulungu mrefu wa pembe kama sepeto,
na alipotokea hukufyatua,
kwa sababu nyuma yake palikuwa na barabara.
Nilikuona. Nikasema moyoni: huyu kafunzwa.
Kidole nje ya kifyatuo, mtutu ukitazama ardhi
hata ulipoteleza kwenye daraja la magogo.
Basi usiniharibie siku kwa neno moja.

Umesema: "Tupu, mama. Bunduki yangu ni tupu."

Tupu.
Chupa ikiwa tupu unaiona hadi kitako.
Bunduki haina kioo.
Na ulimi uliolowa hutamka "tupu"
kama unavyotamka "nimeacha,"
kama unavyotamka "narudi sasa hivi."

Mwaka wa themanini na saba, Oktoba, meza hii hii.
Tulikuwa wanane, supu ya maini, dirisha likitoka jasho.
Nilikunywa vijiglasi vitatu. Vitatu tu,
na hilo "tu" nimelibeba miaka yote
kama kokoto ndani ya buti.
Sikuyumba. Ningeweza kushona kifungo.
Wakasema, Raili ndiye mzima kuliko sote,
yeye azitundike bunduki.

Ulidhani nitakupa habari za mlevi fulani?
Ni mimi.
Nilitoa risasi magazini: moja, mbili, tatu, nne.
Nne ndizo nilizozikumbuka.
Ya tano ilikuwa chemba, imejilaza, kimya, na adabu zake zote.
Nikasema "tupu" kwa sauti ili wengine wasikie,
nikabonyeza kifyatuo kulegeza springi
kama marehemu baba alivyozoea.

Nyuma ya ukuta wa mbao,
kwenye benchi la kuvulia nguo za sauna,
kaka yangu Taisto alikuwa akifunga kamba za viatu.
Cha kushoto alikuwa amemaliza.

Hakimu aliuliza nilikunywa kiasi gani.
Mama hakuuliza kitu.
Alichukua bati hili, akaimwaga kahawa yote kwenye theluji,
nusu kilo, yeye aliyehesabu hata vidonge vya sukari,
akaliweka mezani mbele yangu, akaenda kulala.

Sikuogopi, kijana.
Macho yako ya asubuhi nayaamini.
Ni yale ya saa nne usiku ambayo sijakutana nayo.

Kwa hiyo rudi kibarazani. Elekeza mtutu kwenye rundo la mchanga,
fungua, tazama, kisha tia kidole
mpaka kiguse ubaridi wa chemba.
Halafu leta komeo.

Vizuri. Umesikia lilivyolia?
Sasa fungua chupa. Mmiminie Pentti kwanza, baridi imemla mbavu.
Mimi nipe maziwa.
Bati litakaa hapa mapajani mwangu
hadi kesho, uji ukiiva,
nami nitawaita mmoja mmoja,
na kila jina litaitika.