Daftari la Ukange

Nilikabidhiwa funguo tatu na ndoo ya klorini
mwaka ule nguzo za umeme zilipolala kando ya njia
zikingoja mtu wa kuzisimamisha.
Daktari Lutengano Tweve alinitazama viatu kwanza.
"Vina visigino," akasema. "Hapa usiku tunakimbia."

Hakuwa daktari wa vyeti vikubwa. Alikuwa tabibu:
miaka mitatu ya chuo, na kabla ya chuo
miezi tisa ya kubeba machela,
kuvuka Kagera, mbele, mbele tena,
hadi kwenye lami ambayo hakupenda kusema iliishia wapi.
Watu wa Ukange wakamwita daktari, basi.
Nani angembishia, saa nane za usiku, mvua ya mawe,
mtoto anahema kama mvukuto wa mhunzi?

Alikuwa na sheria zake.
Maji ya kunawa yachemke, yapoe, yachemke tena.
Nyama isichomwe karibu na wodi.
Siku ya Krismasi alipanda kule kwenye pareto
na viazi vya kuchemsha mfukoni,
akakaa mpaka moshi wa majirani uishe.
Sikumwuliza.
Kuna mlango ambao hata mwenye funguo tatu
haugusi.

Sanduku la dawa za dharura lilikuwa la risasi.
Alilipaka rangi nyeupe. Kila masika
nyeupe ilibanduka, kijani kikachungulia,
naye akatafuta brashi.
Tuombe jipya wilayani, nikamwambia.
"Hili," akasema, "limezoea kubebwa."

Sasa sikia ya Twilumba.
Mwezi wa saba, sakitu imeunguza viazi bondeni,
kampuni ya barabara inapasua mwamba pale kwenye kona.
Tangazo lilitumwa. Tangazo lilikwama kwa mtendaji.
Twilumba kitandani, mimi na tochi,
kichwa cha mtoto ndiyo kwanza kinachungulia,
baruti ikalia.

Vioo vikatetemeka. Chupa ya spiriti ikaanguka.
Na daktari hakuwepo tena pale aliposimama.
Alikuwa juu ya Twilumba, mikono yote miwili
imemzunguka kichwa,
amemfunika kama bati linavyofunika nyumba,
na anaita jina, na jina si la Twilumba.
"Lala chini, Mhagama. Mhagama, lala chini."

Mimi niliduwaa. Twilumba ndiye aliyejua.
Mchuuzi wa viazi, asiyejua Kagera iko upande gani,
katikati ya uchungu unaokata kiuno
akachomoa mkono mmoja,
akampigapiga mgongoni polepole
kama mtoto anayengojewa acheue:
"Baba, ni barabara.
Ni barabara tu, inakuja."

Akashuka. Akanawa. Akanawa tena.
Mtoto akatoka na kelele zake, kilo tatu na robo,
wa kike, nywele tele.

Usiku nikapeleka taa ofisini, nikakuta daftari wazi.
Jina la mama. Uzito. Saa.
Kwenye safu ya maelezo, ambako huandika
"kawaida" na kupita,
mwandiko wake ulikuwa umeinama kidogo:
*Mama alimhudumia tabibu.*

Amestaafu sasa. Anaishi nyuma ya mianzi yake,
ulanzi wanagema jirani, yeye hanywi.
Zahanati ina daktari kijana, ana simu mbili, ni mzuri,
lakini bibi zetu bado humpita mlangoni
wakaenda kugonga kule kwenye mianzi:
"Kamwene, baba, kifua hiki."
Naye hutafuta miwani, akasikiliza, akawarudisha kwa kijana
na karatasi iliyokunjwa mara nne.

Lami imefika mpaka mbele ya nyumba yake,
nyeusi, imenyooka, haina hata shimo.
Asubuhi namwona akienda dukani.
Hupita pembeni, kwenye nyasi,
umande ukimlowesha suruali hadi magotini.
Namwita: panda huku, pakavu.
Hunipungia mkono
na kuendelea kupita kulekule kwenye maji.