Belo

Saa kumi na moja alfajiri, Karume,
kamba ya belo inakatwa kwa wembe.
Mikono inazama.
Gredi ya kwanza inaondoka na wenye mtaji,
ya pili inapiganiwa,
halafu sisi, wa kuokota.

Mwinjilisti Anyelwisye alihubiri Jumapili, kule Keko:
tuliteuliwa zamani,
kabla bahari haijaujua mwambao wake,
na wema wetu haukuulizwa.
Watu wakasema amina.
Mimi nikafikiria belo.
Nikamfuata nje, penye ndoo ya kunawia:
Na zinazobaki chini, mwinjilisti?
Akavua miwani, akaifuta kwa tai,
akaivaa ikiwa na ukungu vilevile.

Leo jioni, kwenye tope la mfereji, palikuwa na shati.
Kola imelika, kwapa limefumuka,
hata kwa mia mbili hungeliuza.
Nililipita.
Nikarudi.

Usiniulize kwa nini lile.
Yalikuwepo mengine, mazima kulishinda.
Nimelifua maji matatu, nimelianika,
na ninachoweza kukuambia ni hiki tu:
vifungo vilivyopotea ni vinne.
Nimepapasa kila tundu kwa kidole,
nimekitafutia kila kimoja mbadala wake koponi.

Shati halina la kujisifu.
Limening'inia kwenye henga, linachuruzika
kama mtu aliyetoka kubatizwa
na bado hajaelewa.

Ila nikizima taa
nayasikia yale ya mferejini,
na mvua ya Ilala
ndiyo kwanza inaanza.