Kati ya Sita na Saba

Mimi mtunza farasi,
jina Zakuri, mkwasi
wa samadi na matusi;
kazi yangu ni zizini.

Bwana wangu jemadari
wa Shamu, mwenye fahari;
mavazi yake mazuri
yaficha ukoma ndani.

Nikimvua viatu,
vidole vyake vitatu
havihisi tena kitu,
hata moto wa jikoni.

Kuna mtoto wa kike
tuliyemteka kwake;
sikujua jina lake,
“Wewe!” twamwita uani.

Ni yeye aliyesema,
huku mbuzi akikama:
“Ukoma ungelikoma
kwa nabii wa nyumbani.”

Nikacheka. Tulichoma
kijiji chao; na mama —
sijui. Naye huruma
kachota kisima gani?

Tulifunga magunia
ya fedha, dhahabu pia;
nyumbu kumi walilia
kwa mzigo mgongoni.

Tukapita chini yake
mlima, theluji yake
nyeupe, kama ya kwake
bwana, ngozi ya shingoni.

Mtawala, kwa waraka
wetu, akatetemeka,
na joho likachanika
kwa vidole, hadharani.

Nabii? Hata salamu.
Hakutoka. Mhudumu
kaja kutoa hukumu:
“Jichovye saba, mtoni.”

Bwana kafoka: “Matope!
Kwetu mito ni myeupe!
Nani huyu, asinipe
hata mkono begani?”

Kageuza gari lake;
nami, ni mtumwa wake,
nikaona jicho lake
lina machozi pembeni.

Ulimi ukanichoma.
“Bwana,” nikasema, “kama
angekutuma kuchuma
ndevu za simba porini,

ungeondoka usiku
ukipiga pembe. Huku
kuoga tu — kila siku
tunaoga! — shida gani?”

Kanyamaza. Nikangoja
mjeledi wake kuja.
Akavua, moja moja,
pete zake za chandani.

Mto wenyewe? Mwembamba,
rangi yake kama simba,
na matete yakiimba
kwa upepo wa bondeni.

Moja. Maji ya baridi.
Mbili. Chura akarudi
majanini. Tatu. Hodi
haijajibiwa ndani.

Nne: jeshi lanong'ona.
Tano: mmoja kaguna.
Sita — nami sikuona
badiliko la mwilini.

Ni hapo, kati ya sita
na saba, ndipo pa vita.
Wengi hapo wamesita,
wakageuka njiani.

Naye akashuka tena,
mgonjwa asiyeona
dalili; ila kanena
“Saba,” akazama chini.

Alipoibuka, ngozi
ya mtoto wa miezi
mitatu; nami machozi
yananitoka puani.

Akapiga yowe: “Jiwe!
Nimekanyaga kijiwe!
Zakuri, njoo na wewe,
chaniuma vidoleni!”

Ile fedha kakataa
nabii, hakuitwaa;
neema haikukaa
kamwe juu ya mizani.

Tukarudi. Nikashuka,
farasi nikawaweka,
kisha, kwa kuhangaika,
nikamfuata uani.

“Mungu wako,” nikanena,
“wamtii bila kuona?”
Akanitazama sana,
chungu kiko mapajani.

“Babu yetu alihama
kwao, asijue hema
atapiga wapi; mama
alicheka, mlangoni.

Na mwingine aliunda
chombo, na lami kakanda,
na wingu halijatanda,
hata kidogo, angani.

Sikio hutangulia,
mguu wafuatia,
na jicho lamalizia,
limechelewa njiani.”

Nikatamka kwa haya,
kwa mara ya kwanza, haya:
“Tumekutenda mabaya.
Jina lako hasa nani?”

Maziwa yakamwagika
kidogo. Akatamka.
Jina hilo nalishika:
ni hatamu mkononi.